Nani alipe bafu la jirani?

Februari 19, 2009, mtangazaji Rick Santelli wa kituo cha televisheni cha CNBC alikuwa amesimama katikati ya madalali kwenye soko la bidhaa la Chicago, akitangaza moja kwa moja. Siku iliyotangulia, serikali ya Barack Obama, iliyokuwa na mwezi mmoja tu madarakani, ilikuwa imetangaza mpango wa dola bilioni 75 wa kuwanusuru watu waliokuwa hatarini kupoteza nyumba zao kwa kushindwa kulipa mikopo. Santelli alipandwa na hasira. Akawageukia madalali waliokuwa nyuma yake, akawauliza ni nani kati yao anayetaka kumlipia mkopo jirani mwenye bafu la ziada ambaye hawezi kulipa bili zake. Wakazomea. Akasema anafikiria kuandaa karamu ya chai hapo Chicago, kwa mfano wa ile ya Boston ya mwaka 1773, wakazi walipomwaga chai baharini kupinga kodi ya Uingereza. Kipande hicho cha dakika chache kilisambaa nchi nzima, na ilipofika Aprili 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, mikutano ya hadhara iliyojiita Tea Party ilifanyika katika mamia ya miji.

Kila ninaposoma uchambuzi wa siasa za wahafidhina wa Marekani, narudi kwenye swali lile la bafu. Lisome taratibu. Halina neno lolote kuhusu bei, wala ushindani, wala riba. Linamtaja jirani, linazitaja bili, na linauliza nani abebe mzigo wa nani.

Magazetini kwetu watu hawa wameelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema ni waumini wa soko huria, wafuasi wa wanauchumi Friedrich Hayek na Milton Friedman walioamua kuingia barabarani. Wapo wanaosema ni watu wa kukodiwa, waliosukumwa na fedha za ndugu wawili, Charles na David Koch, mabilionea ambao kampuni yao ina makao Wichita, Kansas. Kila upande una chembe ya ukweli. Lakini nadhani pande zote mbili zimepitwa na jambo kubwa zaidi. Watu hawa walijenga kwa mikono yao nguvu ya kisiasa ambayo vyama vingi duniani vinaiota tu, na imani iliyowaunganisha haikuwa soko. Ilikuwa jasho: kila mtu ale alichokitolea jasho, asilipishwe deni la mwenzake. Mwenye imani hiyo anaweza kusafiri na mwanauchumi wa soko huria mwendo mrefu sana. Ila ipo njia panda mbele yao ambapo lazima waagane, na wameshaagana.

Nianze na ujenzi wenyewe, maana ndio unaostahili heshima na ndio usioandikwa sana. Marekani nayo ina mabalozi wake wa nyumba kumi. Kila kaunti imegawanywa katika maeneo madogo ya kupigia kura, na katika majimbo mengi kila eneo lina nafasi ya mjumbe wa chama. Mjumbe huyo halipwi. Kazi yake ni kubisha hodi kwa majirani, kujua nani amejiandikisha na nani hana usafiri siku ya kura, na kuhudhuria vikao vya chama vya kaunti. Wajumbe hao ndio wanaopata sauti kwenye uchaguzi wa uongozi wa chama wa kaunti, uongozi wa kaunti una sauti kwenye ule wa jimbo, na ngazi inapanda hivyo hadi juu. Sasa, nafasi nyingi kati ya hizi hukaa wazi miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna anayezitaka. Mtu akijitokeza na majirani wachache wa kumsainia fomu, mara nyingi anaingia bila kupingwa.

Halafu kuna kura za mchujo. Msomaji wa Tanzania anazijua kura za maoni za kwetu: mtu anaweza kuongoza kwa mbali, vikao vya juu vikarudisha jina la mwingine. Kule hakuna kikao cha kukata jina. Aliyeshinda mchujo ndiye mgombea, viongozi wa chama wapende wasipende. Na kwa kuwa wanaojitokeza siku ya mchujo ni wachache, kundi dogo lililojipanga linaweza kumng'oa mtu mzito.

Eric Cantor alikuwa mtu mzito. Mwaka 2014 alikuwa kiongozi wa wabunge wa Republican, waliokuwa wengi katika Baraza la Wawakilishi, na watu walimhesabu kuwa Spika ajaye. Mpinzani wake kwenye mchujo huko Virginia alikuwa Dave Brat, profesa wa uchumi katika chuo kidogo kiitwacho Randolph-Macon. Kampeni nzima ya Brat ilitumia takriban dola 200,000. Kampeni ya Cantor ilitumia mamilioni, na kwenye migahawa ya nyama peke yake ilikuwa imelipa kama dola 168,000. Hesabu hiyo ya nyama inanigusa, kwa sababu inaonyesha kiongozi alikuwa anakula na nani. Juni 10, kura zilipohesabiwa, Brat alipata zaidi ya 36,000 na Cantor hakufika 29,000.

Hapo hoja ya fedha za Koch inaanza kuchechemea. Ni kweli Americans for Prosperity, taasisi ya ndugu hao iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikodi mabasi na kutoa mafunzo. FreedomWorks, iliyoongozwa na mbunge mstaafu wa Texas Dick Armey, nayo ilifanya hivyo. Lakini makundi makubwa ya kitaifa hayakumwekea Brat fedha. Waliompigania walikuwa vikundi vya mitaa na watangazaji wa redio. Fedha zinaweza kumleta mtu mkutanoni kwa basi mara moja. Haziwezi kumfanya aache kiti chake cha kupumzikia kila mwezi, miaka mitatu mfululizo, kwenda kujadili bajeti ya wilaya ya shule.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard walijionea hilo walipotembelea vikundi vya Tea Party vya Massachusetts, Virginia na Arizona. Nchi nzima walikadiria vikundi hivyo kufikia karibu 1,000. Kikao cha kawaida kilikuwa kwenye chumba cha maktaba, cha kanisa au cha mgahawa. Kilifunguliwa kwa sala na kiapo cha bendera. Wengi waliohudhuria walikuwa Wazungu wa umri wa miaka 45 kwenda juu, wastaafu wakiwa wengi, na walioshika daftari la mahudhurio na kupanga ratiba mara nyingi walikuwa akina mama. Wengi walikuwa na nakala ya katiba ya kutia mfukoni, nao walijisomea miswada iliyokuwa bungeni, kifungu kwa kifungu. Unaweza kutokubaliana nao kwa kila jambo (mimi sikubaliani nao kwa mengi), lakini raia anayesoma muswada mwenyewe ni raia wa kweli, na siipendi tabia ya wasomi wa mijini kumdharau.

Ustadi huo waliurithi. Mwaka 1972 Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita kutoka Alton, Illinois, alianza kupinga marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa kijinsia, ambayo wakati huo kila mtu aliamini yangepita. Wanawake waliomfuata walikwenda kwa wabunge wa jimbo wakiwa wamebeba mikate na jemu walizotengeneza wenyewe. Mkate wa moto, jina la mbunge, na ujumbe mfupi. Marekebisho yalihitaji majimbo 38. Yaliishia 35, na muda wake ukaisha Juni 30, 1982.

Hiyo ndiyo nguvu. Sasa nije kwenye imani, ambako naona kuna kutoelewana kwa muda mrefu.

Waumini halisi wa soko huria walikuwepo tangu mwanzo. Septemba 1960 vijana wasiofika mia walikutana Sharon, Connecticut, nyumbani kwa familia ya mwandishi William F. Buckley, wakaanzisha Young Americans for Freedom. Tamko lao lilisema uchumi wa soko ndio mfumo pekee unaopatana na uhuru wa mtu. Miaka minne baadaye shujaa wao, Seneta Barry Goldwater wa Arizona, alikuwa mgombea urais. Walimfanyia kazi usiku na mchana, hasa kusini mwa California, nyumba kwa nyumba. Goldwater akaanguka vibaya mno. Alishinda majimbo 6 tu.

Lakini angalia ni majimbo yapi: Arizona ya kwao, halafu Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina. Mwaka huohuo Goldwater alikuwa amepiga kura kuipinga Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Yeye alieleza kura yake kwa hoja ya mipaka ya serikali kuu na haki ya mwenye mali. Wazungu wa kusini walioacha desturi yao ya miongo mingi ya kukichagua chama cha Democratic wakamchagua yeye wa Republican hawakufanya hivyo kwa kuvutiwa na nadharia ya bei. Mgombea alisema jambo moja, na wapiga kura wengi walisikia jingine. Yeyote anayeandika historia ya wahafidhina hawa kana kwamba ni historia ya mawazo ya kiuchumi peke yake anaruka ukurasa huo, na haurukiki.

California ya mwaka 1978 inatufundisha zaidi. Bei za nyumba zilikuwa zimepaa kwa kasi, na kodi ya majengo ilifuata bei. Mzee aliyenunua kijumba chake miaka ya hamsini, sasa amestaafu, aliletewa bili ya kodi iliyokokotolewa kwa thamani ambayo hakuwahi kuishika mkononi. Howard Jarvis, mfanyabiashara mstaafu mwenye umri wa miaka 74, alikuwa amehangaika na suala hilo tangu miaka ya sitini bila kusikilizwa. Safari hii watu wa kujitolea walikusanya saini zaidi ya milioni moja, na Juni 6 pendekezo lao, namba 13, lililopigiwa kura na wananchi wenyewe, likapita kwa karibu asilimia 65. Kodi ikawekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani, thamani ikarudishwa ile ya katikati ya miaka ya sabini, na isiweze kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa.

Milton Friedman aliliunga mkono, kwa sababu lilipunguza fedha za serikali. Lakini lisome kwa jicho la soko. Majirani wawili, nyumba pacha, ukuta kwa ukuta: aliyenunua zamani analipa kidogo, aliyenunua jana analipa mara kadhaa zaidi. Kesi ya tofauti hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1992, ikihusu mama aliyekuwa akilipa karibu mara tano ya baadhi ya majirani zake, na mahakama ikaruhusu utaratibu huo uendelee. Hakuna kitabu cha uchumi kinachofundisha kodi ya namna hiyo. Inamlinda aliyetangulia dhidi ya anayekuja. Inasema: nimeshafanya kazi, nimeshanunua, nisisumbuliwe. Kwa mzee yule wa kijumba cha miaka ya hamsini hiyo ni haki tupu, na sitamlaumu. Soko, hata hivyo, si hilo.

Turudi 2009. Hasira ya mwaka ule ilikuwa na msingi, na nataka niseme wazi. Oktoba 2008, chini ya George W. Bush, bunge lilikuwa limeidhinisha dola bilioni 700 za kuziokoa benki. Waliovuna faida walivuna peke yao, hasara ikagawanywa kwa wote. Fundi bomba wa Ohio ambaye biashara yake ilikufa hakuna aliyemwokoa. Alipoona kwamba sasa inafuata zamu ya jirani wa bafu, akaona wa juu yake wameokolewa, wa chini yake wanaokolewa, na bili inakuja kwake. Hata karamu ya kwanza ya chai, ile ya Boston, haikuhusu ughali: Sheria ya Chai ya 1773 iliifanya chai ya Kampuni ya India Mashariki kuwa nafuu zaidi. Walioimwaga baharini walikataa upendeleo aliopewa mkubwa, na kodi ambayo hawakuulizwa.

Kisha ukaja mjadala wa bima ya afya. Kwenye mkutano mmoja huko Simpsonville, South Carolina, mtu mmoja alisimama na kumwambia mbunge Bob Inglis serikali iondoe mikono yake kwenye Medicare yake. Medicare ni bima ya wazee inayoendeshwa na serikali yenyewe. Inglis alijaribu kumwelewesha, hakufanikiwa. Kisa hicho kimechekwa dunia nzima, nami naona wanaocheka hawakusikiliza. Mtu yule alikuwa anasema: hii ni yangu, nimeikatwa kwenye mshahara maisha yangu yote. Na kweli amekatwa, asilimia 1.45 kwa ajili ya Medicare na 6.2 kwa ajili ya pensheni, kila mwezi. Kwamba mstaafu wa kawaida hupata matibabu ya thamani kubwa kuliko alichochangia hakubadilishi anavyojiona. Anajiona amelipa. Watafiti wale wa Harvard walikuta hivyohivyo: wanachama wa Tea Party hawakuchukia matumizi ya serikali kwa ujumla, walitenganisha waliofanya kazi na wale waliowaona wanakula bure. Inglis, mhafidhina wa miaka mingi, alishindwa vibaya kwenye mchujo wa 2010. Novemba mwaka huo Warepublican walijiongezea viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Wanasiasa walilijua hilo, hata walipohubiri vinginevyo. Mwaka 2011 mbunge wa Republican Paul Ryan aliandika bajeti ya kuibadili Medicare iwe mfumo wa kununua bima binafsi kwa msaada wa serikali. Ilisifiwa kama ushindi wa fikra za soko. Ndani yake kulikuwa na ahadi kwamba mwenye miaka 55 na kuendelea hataguswa. Yaani wazee wa vuguvugu lilelile lililowapa Warepublican wingi bungeni waliachwa nje ya dawa.

Kwa hiyo Donald Trump alipotangaza kugombea mwaka 2015, akiahidi kutokata Medicare wala pensheni na kuilaumu China kwa kuchukua kazi za Wamarekani, wachambuzi wengi walisema wahafidhina wa mashinani hawawezi kumfuata mtu wa namna hiyo. Wengi walimfuata. Alikuwa anasema lugha ya jasho kwa ufasaha kuliko profesa yeyote: kazi yako imeibiwa, stahili yako haitaguswa, wasiostahili watafukuzwa. Mick Mulvaney, aliyeingia bungeni kwa wimbi la 2010 akipiga vita deni la taifa, akawa mkuu wa bajeti wa Trump, na nakisi ya mwaka wa fedha 2019, kabla ya korona, ilikuwa dola bilioni 984. Hakukuwa na mikutano ya chai barabarani.

Na ushuru. Aprili 2, 2025, Trump alitangaza ushuru kwa karibu nchi zote, Kenya na Tanzania zikipangiwa asilimia 10. Hilo lilitugusa moja kwa moja, maana tangu mpango wa AGOA wa mwaka 2000 nguo zilizoshonwa Athi River zilikuwa zikiingia Marekani bila ushuru. Siku hiyohiyo Seneti ilipigia kura azimio la kupinga ushuru dhidi ya Kanada. Maseneta wa Republican walikuwa 53, na walioliunga mkono walikuwa 4. Mmoja wao ni Rand Paul wa Kentucky, mtoto halisi wa Tea Party, aliyebaki anahubiri Hayek kwenye kanisa ambalo waumini wake wengi wameondoka. Namheshimu kwa hilo.

Kinachonisumbua kwenye mizani ya jasho ni kwamba mwenye kuishika huliona jasho lake vizuri kuliko la mwenzake. Waterloo, Iowa, kuna wakimbizi wa Kongo wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, wengine wakiongea Kiswahili kwenye mstari wa kukatia nyama, ndani ya baridi, visu mkononi saa nane mfululizo. Makato yao ni yaleyale: 6.2 na 1.45. Wanachangia pensheni ya mzee wa Tea Party kila wiki. Kwenye hotuba nyingi za miaka hii wamewekwa upande wa wanaokula bure.

Mei 2024, bodi ya FreedomWorks ilipiga kura kuivunja taasisi hiyo. Viongozi wake walieleza kwamba waliobaki na imani ya soko huria na wafuasi wao wa mashinani walikuwa wameachana mno, na fedha zilikuwa zimepungua. Lakini viti vya chini havikuyumba. Mwaka 2021 Steve Bannon, aliyewahi kuwa mshauri wa Trump na sasa mtangazaji, alikuwa amewahimiza wasikilizaji wake wajaze nafasi za wajumbe wa chama, na shirika la habari za uchunguzi la ProPublica lilipouliza kaunti 65, 41 zilisema waliojitokeza walikuwa wengi kupita kawaida; wapya walikuwa si chini ya 8,500.

Iowa wajumbe hao huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, usiku mmoja wa baridi, kwenye madarasa na kumbi za makanisa. Mwaka usio wa urais viti vingi ukumbini hubaki vitupu. Mkongomani wa Waterloo aliyekwisha kuapishwa kuwa raia anaruhusiwa kuingia, kusaini daftari, na jina lake kupendekezwa.